Walijibu Kabla Sijatuma

Mwenye habari hii ameniruhusu niiandike, mradi nisitaje jina lake. "Andika," aliniambia, "ila usinipambe." Kumpamba siwezi. Mimi ni mtu wa Mbeya, nasema kitu kilivyo, na nikikasirika mtaa mzima unajua. Yeye ni muuguzi, Mfipa wa huku Sumbawanga, juu kwenye baridi, aliyepangiwa zahanati ya Mtowisa, bondeni, kwenye joto na mpunga na ng'ombe. Amenizidi umri, mimi namwamkia shikamoo, yeye ananiita mdogo wangu.

Mwaka ninaousimulia alikuwa na uvimbe kwenye titi. Walimkata kinyama kidogo kikapelekwa kupimwa hospitali kubwa nje ya mkoa, na majibu yangekuja kwa barua pepe ya zahanati yake. Hospitali ile majibu ya namna hiyo haiyasemi kwa simu. Na kuyapitisha ofisini kwetu mjini, dada yangu huyu alikataa. "Sumbawanga ndogo hii," alisema. "Majibu yangu yatafika sokoni kabla hayajanifikia mimi."

Sasa mtu aliyekuwa anaibadilisha hiyo barua pepe ni mimi.

Kazi yangu ni kompyuta. Ofisi yetu iko Katandala, hapa mjini, inahudumia zahanati za vijijini: nyingine ziko huku juu kwenye mashamba ya mahindi na ulezi, moja iko Kasanga ziwani, nyingine bondeni. Barua pepe zote zinapitia mashine moja kubwa, seva, iliyokaa chumba cha nyuma. Ilikuwa imezeeka. Feni yake ilikoroma kama mzee aliyeshiba akalala mchana, na kila nikiingia chumba kile nilikuwa nasema, "Bado kidogo, mama, vumilia." Seva mpya ilishafika. Bosi alitaka Ijumaa tuizime ya zamani, tuwashe mpya, tupumue.

Lakini huwezi kuzima tu. Kwanza lazima uhakikishe kila zahanati, na kifaa chake, na programu yake ya kusomea barua, inaelewana na mashine mpya. Kompyuta mbili kabla ya kupeana barua huamkiana kwanza, na maamkizi yenyewe hubadilishwa kila baada ya miaka ili wezi wasiyaige. Seva yetu mpya ilijua maamkizi mapya tu. Kifaa kikuukuu kikibisha hodi kwa maamkizi ya zamani kinafungiwa mlango, na sababu hakiambiwi. Kinakuandikia kwamba imeshindikana, basi. Na kwa mtandao wetu wa huku, mtu akiona imeshindikana, halaumu seva. Anasema mtandao unasumbua, anaweka simu mfukoni, anaendelea na kazi.

Muuguzi wangu alikuja mjini kwenye kikao, akanivuta pembeni. "Hiyo mashine yako mpya, mdogo wangu. Barua yangu haitapotea?"

"Dada, itafika. Nikikuahidi mimi, nimekuahidi."

Akainama kidogo, akapiga vile vikofi vidogo vya adabu wanavyopiga Wafipa wakishukuru. Mimi nikarudi mezani kwangu kifua mbele.

Nikaandika maelekezo, tena ya picha, nikayaweka kwenye kundi letu la simu. Kila zahanati iingize jina la seva mpya. Jumatano asubuhi nitamtumia kila mmoja ujumbe mfupi wa majaribio kupitia seva hiyo, na akiupata aseme kwenye kundi. Niliamua kutuma mmoja mmoja, ili akikwama mtu nijue ni nani. Nikaanza na Kasanga, maana pale kuna mganga kijana mwenye simu mpya, na kwake kila kitu ni poa. Nikatuma. Umeme ukakatika.

Jenereta la ofisi lina hadithi zake, tuliache. Nilikaa nikamimina chai kutoka kwenye chupa, nikasema nitaendelea ukirudi. Simu yangu ikaanza kulia. Wa kwanza Kasanga: "Nimepata, poa sana." Baada yake mwingine: "Nimepata." Mwingine: "Tumepata, Mungu akubariki kwa kazi nzuri." Mwingine akaweka na mikono ya kuomba. Mtowisa nayo: "Nimepata mdogo wangu, safi kabisa."

Jamani, nilifurahi! Nilisimama na kikombe mkononi niende kumwambia bosi kwamba Ijumaa tunazima, hakuna wasiwasi. Nikafika mlangoni, nikasimama. Mbona nilikuwa nimetuma Kasanga peke yake?

Nilicheka hadi chai ikanipalia. Halafu nikakasirika.

Ningejua tu. Kundi letu ndivyo lilivyo. Mtu akiweka habari ya msiba, wa kwanza akisema pole, wote pole. Akiweka sala ya asubuhi, wa kwanza akisema amina, zinashuka amina mpaka simu inapata moto, hata kwa mtu ambaye sala yenyewe hajaifungua. Kasanga kasema kapata, nani atabaki kimya aonekane hana adabu? Nikampigia Mtowisa, maana wengine wote wangeweza kungoja, yeye hapana.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Hongera, imefika."

"Imefika nini?"

"Si ile uliyotuma."

"Inasemaje?"

Nikasikia ng'ombe wanapita nyuma yake. "Inasomeka tu vizuri," akasema.

"Dada, sijakutumia kitu! Umeme umekatika! Nimetuma Kasanga peke yake!"

Halafu kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto akasema, "Basi itafika. Wewe usijali."

Usijali! Mwenye uvimbe ni yeye, mwenye barua ni yeye, anayebembelezwa ni mimi. Nilikata simu nikapiga meza kofi, mkono ukaniuma.

Bosi wangu ni mzee wa Kifipa, mtu ambaye hata gari likimkanyaga mguu atamwomba dereva, kwa heshima zote, asogee mbele kidogo. Naye yumo kwenye kundi. Nilipoingia alinipa mkono. "Hongera binti, naona wote wamepata."

Nikamweleza. Alicheka bila kutoa sauti, akavua miwani, akafuta macho.

"Wamekusaidia," akasema.

"Wamenisaidia nini, mzee? Wamenidanganya!"

"Hapana. Wiki nzima wanakuona unahangaika na mashine yako. Nani asimame mbele ya wenzake akwambie haifanyi kazi? Wewe ukipika, mgeni akakwambia chumvi imezidi, utajisikiaje?"

"Nitaongeza maji, mzee!"

"Nyie watu wa Mbeya," akasema, akavaa miwani. Halafu akakunja uso. "Lakini Ijumaa iko palepale. Ile ya zamani ikijizimia yenyewe tutalia wote. Watakaokwama tutawarekebisha baadaye."

Baadaye! Niliona kabisa itakavyokuwa. Barua ya hospitali inafika kwenye seva mpya, inakaa humo salama salmini. Dada yangu kule bondeni anabonyeza, inamwambia imeshindikana, anasema mtandao. Kesho anabonyeza tena. Na yeye kusubiri anakujua, kama vile hakufundishwa kingine. Huku uvimbe hausubiri mtu. Sikuweza kumwambia bosi hayo, habari haikuwa yangu kuisema. Nilisema tu kwamba mashine za bondeni ni kuukuu kuliko zote, na kesho gari la chanjo linashuka Mtowisa, naomba nipande niione moja kwa macho yangu.

"Haraka haraka haina baraka," alisema bosi, mtu aliyekuwa ananiharakisha dakika moja iliyopita. Lakini gari alinipa.

Tulishuka asubuhi, mimi na dereva na maboksi ya chanjo. Ile barabara ya kuteremka bondeni sina la kuisifia. Dereva anaipenda, mimi nilisali njia nzima, na joto likatupokea chini kama mlango wa jiko. Muuguzi alikuwa amesimama kwenye baraza ya zahanati, nguo nyeupe imepigwa pasi, anacheka. Alikuwa amepungua. Nilitaka kuanza na ugomvi wangu hapohapo, hakunipa nafasi. Maji ya kunawa, wali, samaki wa ziwa. "Kula kwanza, mdogo wangu. Kompyuta haina njaa."

Nikala. Unabishana vipi na mtu kama huyo?

Laptopu ya zahanati ilikuwa juu ya meza ya ofisi, imefunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono. Ilikuja kama msaada miaka mingi nyuma, ikiwa tayari imetumiwa na wenyewe. Programu yake ya barua ilikuwa ya zamani mno, hata mimi niliyeisomea kazi hii nilikuwa naikumbuka kwa mbali. Nilipoikagua nikaona kwa nini hawakuiacha. Mtandao wa pale unakuja kidogo ukaondoka. Programu ile ukiupata mtandao inazoa barua zote kwa mara moja, inaziweka ndani, unazisoma hata mtandao ukiwa umekwenda zake. Ningewaambia wafungue barua kwenye ukurasa wa mtandao kama sisi mjini, ukurasa wenyewe ungefunguka siku ya Pasaka.

Nikaingiza seva mpya. Maandishi mekundu: imeshindikana. Nikarudia taratibu, herufi kwa herufi. Imeshindikana.

"Ndiyo hiyo," akasema nyuma yangu, kwa sauti ndogo. "Tangu umetuma yale maelekezo inasema hivyohivyo."

Nikageuka na kiti. "Dada. Kwa nini hukuniambia?"

"Wenzangu wote waliandika wamepata. Nikajua kasoro ni yangu. Sasa niwacheleweshe watu wote kwa mashine yangu moja?"

"Hakuna aliyepata! Kasanga tu! Wote mlikuwa mnafikiri mwenzenu kapata!"

Akaniangalia, akaweka kiganja mdomoni. Mabega yakaanza kumtikisika, na mimi nikashindwa kujizuia, tukacheka wawili mpaka mama mmoja aliyekuwa anasubiri dawa ya mtoto akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Lakini kicheko kiliponitoka hasira ikarudi.

"Na barua yako je? Ingekaa kule juu, wewe huku unabonyeza. Ungesubiri mpaka lini?"

Aliwaza kweli, kama mtu aliyeulizwa kitu kigumu. "Ningesubiri tu," akasema.

Nilimwonea huruma hadi nikatamani kumpiga. Macho yalikuwa yananichoma, nikajifanya naangalia waya. Nikampigia bosi palepale. "Mzee, Ijumaa haiwezekani. Nimeona mwenyewe. Nikizima, bonde lote halina barua."

"Huwezi kuifundisha ile mpya maamkizi ya zamani?"

"Naweza, mzee, lakini nikifungua mlango huo hata mwizi atapita. Niache seva zote mbili ziwake, mpaka nitafute mashine nyingine za huku."

Akapumua kwenye simu. "Basi ziwake zote mbili. Ile feni tuiombee." Ndivyo alivyo, mzee wa watu. Kelele zangu zote zile, kumbe kilichohitajika ni kumwambia nilichokiona.

Nikarudisha laptopu kwenye seva ya zamani kama ilivyokuwa. Dada akachukua simu iliyokuwa inaipa laptopu mtandao, akaiweka kwenye ukingo wa dirisha, pale wanapojua kwamba mtandao unafika. Nikabonyeza. Tukasubiri. Zikaanza kuingia moja moja: tangazo la kikao, ratiba ya chanjo, mtu anayeuliza takwimu za mwezi. Halafu ikaingia moja yenye jina la ile hospitali kubwa.

Aliiona kabla yangu. Akasogea karibu na meza.

"Natoka nje kidogo," nikasema. Nikatoka, nikakaa barazani na yule mama wa dawa, nikamchekesha mtoto wake ambaye hakutaka kuchekeshwa. Dereva alikuwa ameshapakia maboksi matupu, ananionyesha jua kwa kidole, kwamba tuondoke tusije tukakutwa na giza mlimani.

Dada akatoka. Anatabasamu. "Imekuja," akasema. "Nzuri. Hakuna tatizo."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Mungu ni mwema."

Nilimkumbatia, nikaruka, nikapiga vigelegele, mtoto wa watu akaanza kulia. Naye anacheka, ananipapasa mgongo, huku tayari anaita mtu alete mfuko, lazima niondoke na mchele, siwezi kutoka Mtowisa mikono mitupu. Akaingia ndani kupima mchele. Nikamfuata kumsaidia. Alikuwa ameinama kwenye ndoo, anachota, anamimina, na mfuko ulikuwa umeshajaa, mchele unamwagika pembeni ya miguu yake, naye anaendelea kuchota.

"Dada."

"Nakuja, nakuja."

"Dada, naomba niisome."

"Mtachelewa, mdogo wangu. Barabara mbaya hiyo."

"Naomba niisome."

Akaacha kuchota. Alikaa chini karibu na ile ndoo. Nikaenda mezani.

Ilikuwa Kiingereza cha kidaktari, mistari mingi sikuielewa. Lakini neno saratani kwa Kiingereza nalijua, kama kila mtu anavyolijua, na lilikuwapo. Chini wameandika kwamba ni mapema bado, matibabu yanawezekana, na mgonjwa afike bila kuchelewa. Bila kuchelewa waliiandika kwa herufi kubwa.

Kuna methali inasema mficha maradhi kifo humuumbua. Ilinijia mpaka kwenye ulimi. Lile neno la katikati likakataa kutoka, nikaimeza yote.

"Ulitaka niende zangu?" nikamuuliza.

"Ulikuwa umefurahi," akasema. "Umetoka mbali, umehangaika kwa ajili yangu. Nikaona nikuache ufurahi."

Mungu wangu. Nilipiga magoti kwenye ule mchele nikamshika mikono yote miwili. Nililia mimi, yeye hakulia. Nikamwambia chukua nguo zako, gari hili linaondoka na wewe. Akasema kesho ana kliniki ya watoto. Nikamwambia kliniki itapata mtu. Akasema hajamuaga mtu yeyote, nyumba haijafungwa, kuna kuku. Nikamwambia kuku nitawalaza mimi mwenyewe, kwa sauti ambayo nadhani waliisikia Kasanga. Ndipo akainuka. Akaniruhusu nimwambie bosi, na bosi alisikiliza mpaka mwisho, akasema atatafuta wa kumshikia nafasi, akaomba apewe simu dada mwenyewe, wakazungumza Kifipa taratibu. Nilichosikia upande wa dada ni kuitikia tu.

Alikaa mbele na dereva, na kifurushi chake mapajani. Mimi nyuma na maboksi matupu na ule mchele, maana hata hivyo hakukubali uachwe. Dereva alikuwa hajaambiwa kitu, alijua anampeleka muuguzi mjini kwa shughuli zake. Tulipoanza kupanda mlima akapunguza mwendo, akamgeukia kwa heshima. "Hujambo huko, mama? Nisikurushe sana?"

Hilo swali sote tunajua jibu lake. Hata mtu wa kitandani husema hajambo. Nilimwona anafungua mdomo ajibu, halafu akaufunga. Akageuka nyuma akanitafuta mimi kati ya maboksi.

"Mdogo wangu," akasema, "naogopa."

Nikapitisha mkono juu ya kiti nikamshika bega.

"Na mimi, dada," nikamwambia. "Naogopa sana."